Mtani Hamwogopi Mgonjwa

Katika familia nyingi za Mbeya na Iringa, mtu wa mwisho kujua kwamba mama ana saratani ni mama mwenyewe. Majibu ya kipimo cha kinyama yakitoka maabara, anaitwa pembeni mtoto mkubwa. Mtoto anampigia simu baba mdogo, baba mdogo anamnong'oneza mzee wa kanisa, na jua likizama ukoo mzima una habari, isipokuwa huyo aliyelala kitandani. Yeye anaambiwa ana uvimbe, au vidonda vya tumbo, au kwamba madaktari bado wanaangalia. Nia ni njema, hakuna anayelikataa hilo: mgonjwa asikate tamaa. Lakini mgonjwa si mtoto mchanga. Anaona jinsi mazungumzo yanavyokatika akiingia, anamwona shangazi aliyetoka Makambako bila kualikwa, na anajua kwamba vidonda vya tumbo havimpeleki mtu Dar es Salaam kwa mwezi mzima. Matokeo yake ni nyumba ambamo kila mtu anajua na hakuna anayesema. Ninachotaka kukijenga hapa ni kwamba vitu viwili ambavyo mara nyingi tunaviona kama pambo la pembeni ya tiba, yaani sala na mzaha, ndivyo vinavyoufungua ukimya huo katika nyumba zetu za Nyanda za Juu Kusini. Haviponyi uvimbe. Kazi yake ni kumruhusu mgonjwa na watu wake waseme kweli bila kuvunjiana heshima, na madhara yake yote, ambayo ni makubwa, huanzia pale vinapogeuzwa kuwa njia ya kuificha kweli hiyohiyo.

Ukubwa wa jambo lenyewe haujifichi. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO yaliweka wagonjwa wapya wa Tanzania kwa mwaka 2020 kwenye takriban 40,000 na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilichukua zaidi ya wagonjwa 10,000 kati ya hao. Chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, na hilo ni jema kwa mabinti, ila mama zao waliopita umri kabla ya chanjo kuja ndio tunaowasindikiza sasa. Mgonjwa wa Kyela au Mufindi huanzia zahanati, akafika hospitali ya wilaya au ya misheni, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa pale Iringa. Kwa mionzi, kwa miaka mingi barua ya rufaa imekuwa na anwani moja: Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, taasisi iliyopewa hadhi ya kujitegemea mwaka 1996. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kutoka Iringa karibu 500. Mionzi yenyewe haitolewi siku moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi ni kawaida kupigwa siku 5 kwa juma, kwa majuma kama 5. Maana yake familia inagawanyika: mama na binti mmoja wanahamia kwa ndugu Mbagala au Tandika, waliobaki nyumbani wanashika shamba, ng'ombe na ada za shule, na kinachowaunganisha ni simu. Ukisikiliza kinachopita kwenye simu hizo, baada ya habari za nauli na dawa, kinachobaki ni maombi na matani.

Tuanze na matani, maana huku kwetu yana kanuni zake. Mwingereza R. E. Moreau, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa utafiti wa ndege, alishangazwa na utani wa Tanganyika kiasi cha kuuandikia mwaka 1941 na tena 1944. Katikati ya miaka hiyo wanaanthropolojia wa Ulaya walikuwa wakibishana kwa nini watu wastaarabu waruhusiane kutukanana bila kukasirika. Jibu lililokubalika na wengi ni kwamba utani huota mahali penye ukaribu na uhasama kwa pamoja. Wahehe na Wangoni ni mfano wa darasani: walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, hakuna aliyemmaliza mwenzake, na wajukuu wa wapiganaji wale wakarithi ruhusa ya kusemana. Lakini utani haukuwa maneno matupu. Mtani ndiye aliyeitwa msibani. Ndiye aliyeshika jembe la kuchimba kaburi, aliyesimamia chakula, na ndiye peke yake aliyeweza kuigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa na kudai malipo kabla mwili haujatoka ndani. Kwa upande wa Wanyakyusa, Godfrey Wilson aliyeishi Rungwe na mkewe Monica miaka ya 1930 aliandika mwaka 1939 maelezo ya mazishi ambayo bado yanasomeka kama ya jana: wanawake wanalia kwa uchungu wa kweli, wanaume wanacheza ngoma ya vita hatua chache kutoka kaburini, na kadiri siku inavyokwenda kicheko na uchumba vinarudi palepale uwanjani. Wageni waliona ukosefu wa adabu. Mimi naona jamii iliyokuwa imefikiria kwa makini nani aseme nini kifo kinapokuwa mlangoni.

Sasa mlete mtani huyo kwenye nyumba ya mgonjwa wa saratani, Mngoni anayekwenda kumwona Mhehe pale Kihesa. Ndugu wa karibu wameingia mmojammoja, wamekaa kitako, wamesema "pole, Mungu atasaidia," wameangalia sakafu. Mngoni anasimama mlangoni na kuuliza kwa sauti kama mbwa wa nyumba hii bado yupo au mgonjwa amekwishamla ili apate nguvu za kwenda Dar. Huo ni utani wa kizee, kila Mtanzania anaujua, na Mhehe mwenyewe ana jibu lake tayari: kwamba mbwa alimbakizia mgeni, ila kwa vile Wangoni siku zote hufika vita vikiwa vimekwisha, amekuta mifupa. Mzaha wenyewe si mkali sana. Uzito wake uko kwenye kinachofuata, kwa sababu mtani haishii hapo. Anaona kitambaa kichwani na kuuliza nywele zimekwenda wapi. Anauliza nani atarithi shamba la Ilula ili ajue wa kumdai. Kwa maneno mengine, ndani ya dakika 10 ametaja tiba, ametaja kifo na ametaja mirathi, mambo ambayo watoto wa mgonjwa wamekuwa wakiyazunguka kwa miezi. Na mgonjwa amejibu. Amejibu akiwa mtu mwenye ulimi na kabila na madeni, si kama mwili unaosubiri dripu. Baada ya hapo mtoto anayetaka kuuliza kwa upole kama hati ya shamba iko wapi anakuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Si kila mtu anaweza kuwa mtani, na hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapokosea. Monica Wilson alieleza kwa kirefu jinsi mkamwana wa Kinyakyusa alivyopaswa kumkwepa baba mkwe: asikutane naye njiani, asimtazame usoni, asilitaje jina lake. Aliona kwamba hata desturi ya vijana kujenga vijiji vyao vya marika, mbali na baba zao, ilihusiana na kuwaweka mbali wakwe hao. Miiko imelegea sana leo, lakini haijafutika, na ugonjwa wa mzazi huigonga usoni. Mzee akitapika baada ya dawa, nani anashika beseni? Akishindwa kujisitiri, nani anamwogesha, ikiwa watoto wa kike wameolewa mbali na aliyepo nyumbani ni mke wa mwanawe? Mara nyingi anayepitishwa mbele ni mjukuu, kwa sababu mjukuu na babu ni watani kwa desturi: anaweza kumwita mume wake mzee asiye na meno, na babu anaweza kulalamika kwamba mke huyu hajui kuosha mgongo. Utani unakuwa nguo ya kusitiri tendo ambalo bila huo lingewaaibisha wote wawili. Msichana wa miaka 15 anamwosha babu yake na wote wanacheka, na heshima ya nyumba inabaki mahali pake. Sijui kanuni yoyote ya uuguzi iliyoandikwa ofisini inayolitatua tatizo hilo vizuri kuliko hapo.

Sala nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo, ingawa kwa sauti nyingine. Wamoravian na Walutheri wa misheni ya Berlin walifika Unyakyusa mwaka uleule wa 1891, na Iringa imekuwa na misheni kubwa ya Kikatoliki ya Tosamaganga kwa vizazi. Kwa hiyo tunazungumzia mahali ambapo ibada ya nyumbani ni jambo la kawaida kama chai ya jioni. Tazama jumuiya inavyokutana nyumbani kwa mgonjwa. Kabla ya kuomba, kiongozi anauliza mahitaji: tuombee nini? Swali hilo ni la utaratibu tu, lakini lazima lijibiwe, na kulijibu ni kulitaja jambo mbele ya mgonjwa. Kisha mgonjwa mwenyewe anapewa nafasi ya kuomba. Hapo ndipo watoto wengi hugundua kwamba siri waliyoificha haikuwa siri. Mama anamwomba Mungu awatunze watakaobaki. Anamtaja kitinda mimba na ada yake ya kidato cha tatu. Anaomba msamaha kwa wifi waliyekuwa hawasemezani. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemuuliza. Amemwambia Mungu kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni. Waislamu wa Mbeya na Iringa wana njia yao, iliyo wazi zaidi: kuombana radhi, kulipa au kuyataja madeni, na kuacha wasia ni mambo ambayo dini yenyewe inamhimiza mtu mzima ayafanye, kwa hiyo kuyataja kwa mgonjwa si kumtabiria kifo. Wakatoliki wana mkasa wenye kuchekesha kidogo. Tangu Papa Paulo wa 6 alipouboresha utaratibu mwaka 1972, mpako ni wa wagonjwa na si wa wanaokata roho peke yao. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado padri akikunja kona na kichupa chake cha mafuta majirani wanaanza kuhesabu viti vya msiba.

Pingamizi la kwanza ni zito, na mtu mwenye akili timamu hawezi kulipita kando. Imani imeua. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, aliwanywesha watu kikombe cha dawa kwa Sh500 kijijini Samunge, na ikasemwa inatibu saratani, kisukari na Ukimwi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa wodini, wengine walifia njiani. Baada ya Loliondo yamekuja mafuta, maji, vitambaa na mikesha, na Mbeya, mji wenye makanisa kila mtaa, haikubaki nyuma. Wengi wa wagonjwa wa saratani nchini hufika hospitali kubwa ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, na baadhi yao walipitia kwanza kwa mtu aliyewaambia wamekwisha kupona. Yote hayo nayakubali. Lakini tukiuliza ni kitu gani hasa kiliwadhuru, si kusali. Mwanamke anayemeza dawa asubuhi na kusali jioni hajapoteza chochote. Aliyepotea ni yule aliyezuiwa kusema kwamba damu bado inatoka, kwa sababu kusema hivyo kungeonekana kuwa ni kukosa imani. Kosa hilo ni lilelile la familia inayosema "vidonda vya tumbo": kumnyima mgonjwa haki ya kueleza hali yake ilivyo. Na tuwe waungwana. Kuchelewa kuna baba wengi. Zahanati inayotoa dawa ya malaria mara ya tatu kwa mtu anayekonda inachelewesha, nauli inachelewesha, na foleni ya mashine inachelewesha bila kusali hata sala moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanasayansi, na hilo linanifurahisha kwa sababu linanisaidia. Wapo wanaodai kwamba moyo wa furaha huua saratani. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, na hali yao ya kihisia haikuonyesha nani angeishi muda mrefu zaidi. Kuhusu maombi, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo: walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa walipata matatizo kwa kiwango kilekile cha wasioombewa, na waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59 dhidi ya 52. Watafiti wenyewe walikisia kwamba huenda ilikuwa bahati tu, au huenda mgonjwa alijiuliza: hali yangu ni mbaya kiasi gani hata wakaita kikundi cha maombi? Mtu wa Tukuyu angeweza kuwaeleza hilo bila gharama. Ninachokisoma katika tafiti hizi ni ruhusa. Kama kicheko hakirefushi maisha, basi mgonjwa asiyecheka leo hajajiua. Kama uponyaji haupimwi kwa wingi wa machozi ya waombaji, basi ambaye uvimbe wake unakua si mwenye imani haba. Tukiuondoa mzigo huo begani mwake, kicheko na sala vinabaki na kazi vinayoiweza. Hata kwenye maumivu ipo nafasi ndogo: Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu waliocheka pamoja walivumilia maumivu zaidi kidogo kuliko wasiocheka. Kidogo. Mofini inabaki kuwa mofini.

Na kwa kweli mofini ndiyo inayoonyesha imani yenye manufaa inafananaje. Cicely Saunders, aliyefungua hospitali yake ya wanaokaribia kufa jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho kwa mkupuo mmoja. Anne Merriman alilileta fundisho hilo Uganda mwaka 1993 pamoja na mofini ya maji, iliyotiwa rangi ili nguvu yake itambulike, ya kijani ikiwa ndiyo dhaifu. Kwetu mofini ya kunywa kwa muda mrefu ilitegemea Ocean Road, na waliosaidia kuifikisha vijijini ni hospitali za makanisa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) limekuwa na mpango wa tiba shufaa kwenye hospitali zake, Ilembula ya Njombe ikiwemo, ambapo muuguzi huenda hadi nyumbani, na kazi yake ya kwanza ni kumwuliza mgonjwa anaelewaje ugonjwa wake. Tofauti kati ya ziara ya namna hiyo na mkesha wa uponyaji haiko kwenye wingi wa imani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliohusu wagonjwa 345 wa saratani iliyokomaa, ulikuta wale walioegemea sana dini walikuwa karibu mara 3 zaidi kuwekewa mashine na tiba nzito katika juma lao la mwisho. Mwaka uliofuata watafiti walewale wakaonyesha upande wa pili: pale watoa tiba wenyewe walipoyahudumia mahitaji ya kiroho ya mgonjwa, wagonjwa wengi zaidi walichagua huduma ya utulivu na siku zao za mwisho zilikuwa na nafuu. Imani iliyoachwa nje ya mlango wa wodi huhangaika. Iliyoketishwa kitini na kuulizwa maswali huamua vizuri zaidi. Ningependa kuona wainjilisti na masheikh wa Mbeya wakifundishwa mambo machache na hospitali ya kanda: dalili zipi hazisubiri, mofini si sumu, na jinsi ya kuongea na familia inayotaka mgonjwa adanganywe.

Watasema pia kwamba kumcheka mgonjwa ni ukatili, na kwamba si kila mgonjwa anapenda. Hilo halihitaji mjadala mrefu. Mtu mwenye vidonda mdomoni kutokana na dawa hachekeshwi, anatulizwa maumivu kwanza. Muuguzi asiyemfahamu mgonjwa hana utani naye, hata awe Mngoni wa Peramiho na mgonjwa Mhehe wa Kalenga, mpaka mgonjwa aanze. Na yupo mgonjwa aliyekuwa mkimya maisha yake yote. Saratani haimgeuzi kuwa mchekeshaji. Kanuni ya zamani ilikuwa kwamba anayetaniwa lazima awe na uwezo wa kurudisha. Akikosa nguvu ya kujibu, utani umekwisha na mtani anageuka mpishi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba tumebaki na nusu ya urithi. Utani wa siku hizi umekuwa maneno: Simba na Yanga, picha za kuchekesha kwenye kundi la familia, sauti ya sekunde 30 kutoka kwa mjomba aliye Mwanza. Sala nayo inaweza kuwa hivyohivyo, ujumbe wenye maua na mikono miwili. Mtani wa zamani alilipia ruhusa yake kwa jembe. Leo wanaolipia ni mabinti, mara nyingi yuleyule mmoja ambaye hakuolewa au aliyeacha genge lake Mwanjelwa ili amsindikize mama, na vichekesho vya wengine humfikia akiwa kwenye foleni ya chumba cha mionzi. Majuma yale 5 ya Dar yakiangukia Januari, nyumbani ni palizi ya mahindi na hakuna mtu. Jumuiya inayokuja kusali Alhamisi inaweza kurudi Jumamosi na majembe, na watani wakaja nyuma yao kulalamika kwamba mistari imepinda na kwamba mwenye shamba akirudi itabidi ailime upya.